Nungunungu na Ubeti wa Mwisho

Enzi zile kasuku walipokuwa wakisema wasichokielewa, na mpaka leo hawajaacha, Nungunungu aliishi kwa kutunga mashairi. Kwa kila shairi alichomoa mwiba mgongoni mwake, akauchonga, akaandikia. Kasuku alikuja akayachukua kwa viazi vichache, akaenda kuyaghani harusini kama yake.

"Jina lako usiliandike," Kasuku alizoea kumwambia. "Nani atamwalika harusini mwenye miba?"

Nungunungu alikubali, maana njaa haikumpa nafasi ya kubishana. Lakini siku Kasuku alipoagiza shairi la harusi ya Twiga, Nungunungu aliyatazama mapengo mgongoni mwake, akaona sasa basi.

"Utalighani lote?" akauliza alipomkabidhi.

"Mimi siachi hata neno!" Kasuku akajibu, akaruka nalo.

Harusini kila ubeti ulipigiwa vigelegele. Kasuku akatanua kifua, akapaza sauti:

*"Kaditama natulia, nimefika kikomoni,*
*Na jina nawatajia: Nungunungu wa shimoni!"*

Wageni wakatazamana. Kisha wakacheka mpaka Kiboko akakaa chini.

Kesho yake Kasuku alifika shimoni manyoya yamemsimama, akawapita Ngiri na wenzake mlangoni. "Umeniaibisha!"

"Nimekuaibisha vipi, bwana? Umeghani vizuri, hukuacha hata neno."

"Basi nitungie jingine, lisilo na jina!"

Nungunungu akachomoa mwiba, akaunoa taratibu, wala hakuinua macho.

"Jina halitoki tena," akasema. "Na shairi ukilitaka, foleni inaanzia kule, nyuma ya Ngiri."