Mfuniko Chini ya Nyasi

Jumamosi, saa nne asubuhi, jua kali. Lori la kunyonya maji taka lilisubiri langoni, na choo kilikuwa kimefurika tangu jana.

Mwalimu alitazama nyasi mpya zilizotandazwa kwenye ua wake mdogo. Zilikuwa zimemeza akiba yote ya kutibia jino lake.

"Mfuniko wa shimo uko wapi?" alimuuliza fundi wa bustani aliyezitandaza.

"Niliufukia, mama. Ulikuwa unaharibu sura."

"Uliufukia wapi?"

Fundi alijikuna kisogo. "Hapa. Au pale kidogo."

"Mimi ndiye niliyemwagiza, mama watoto," mumewe alinong'ona nyuma yake. "Ulisema unataka kijani kitupu."

"Kijani nje, kinyesi sebuleni!"

Dereva alizima injini. Fundi alishika sururu. Mume aliingia ndani kutafuta viatu. Mwalimu alipiga magoti katikati ya ua, akaanza kung'oa nyasi.