Kofia ya Pua

Hivi mmewahi kuona mtu anang'arisha kitu mpaka kikamkataa? Basi ndiye Bwana Shaali. Ndege yake ya mchezo ilikuwa kubwa kama kitanda cha mtoto, na kila injini iliponguruma, ile kofia ya bati inayofunika pua ya propela iliteleza ikazunguka kivyake. Naye alizima, akaipaka mafuta, akaisugua kwa kitambaa ndani na nje, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Mkewe, Mwanakheri, ambaye hakuwahi kuruhusiwa hata kuigusa rimoti, alimtazama kwa dharau. Mwanamume mzima, hajui kuwa laini kwa laini havishikani!

"Wewe mimina chai," mumewe alimwambia. "Hii si sufuria."

Mwanakheri alitoa msasa kwenye mkoba wa vifaa vya mumewe, akaukata duara, akautoboa katikati. Akafuta mafuta yote, akaupachika kati ya propela na kofia. Safari hii injini iliponguruma, kofia na propela vilizunguka pamoja.

Bwana Shaali akazima injini. "Haya, nikununulie nini?"

Mwanakheri alinyoosha mkono wenye vumbi la msasa. "Lete rimoti. Miaka saba nataka kuirusha ndege hii mimi."