Damu ya Kombo

“Maji yako ya dagaa yamepita tena mlangoni kwangu, Mashavu!”

“Yapite wapi, mwenzangu? Angani?”

Siku nyingine Siwema angemjibu mpaka mtaa mzima utoke nje. Leo hakuwa na pumzi. Mumewe, Kombo, alikuwa hospitali akisubiri kupasuliwa, na ndugu zake wote walipopimwa, hakuonekana hata mmoja mwenye damu ya kumfaa.

“Kinachoniuma,” akasema, ugomvi umeshamtoka, “ni kwamba Kombo kawatolea damu watu chungu nzima. Muuguzi anasema damu yake, O hasi, inamfaa kila mtu. Lakini yeye hapokei ila ya O hasi mwenziwe.”

Mashavu akatua ndoo. “Hebu rudia. Anampa kila mtu, yeye hapewi?”

“Ndiyo hivyo.”

“Makubwa! Na sisi wenye hiyo damu mbona hatukuambiwa?”

“Nyinyi nani?”

Mashavu akashusha sauti, yeye ambaye hakuwahi kuishusha. “Nilipojifungua Rukia walinichoma sindano, wakasema damu yangu ni O hasi. Nikanyamaza, shoga. Mtaa huu ungesema nina maradhi.”

Siwema akamtazama kama anayemwona leo. Miaka yote wamechambana ukutani, wala hajui huyu mtu hula nini.

“Umekula?”

“Chai kavu ya asubuhi.”

“Mwenye njaa hawamtoi damu.” Akafungua mlango wote. “Pita ndani, wali uko motoni.”