Ubavu wa Kulia

Mwalimu wa farasi alikuwa amekaa kwenye matope bila kupenda, kofia imerukia huku na kamba imerukia kule. Mbele yake Binti alihema, macho yamemtoka, miguu yote ikitetemeka. Muda mfupi kabla ya hapo farasi huyohuyo alikuwa amemlalia begani kama mtoto mwenye usingizi. Kilichobadilika ni kimoja tu: mwalimu alitoka ubavu wa kulia, akazunguka kwenda wa kushoto.

Aliinuka taratibu, akajipangusa.

"Basi, mama, basi. Nimekosa mimi."

Wote wenye kazi hii humwendea farasi kwa kushoto. Ndivyo wanavyofundishwa, watu na farasi, na ni wachache wanaojua sababu. Binti aliletwa kufunzwa kuvaa hatamu, na mwenye mali aliapa kwamba hajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Mbona basi kwa kulia alikuwa na adabu zote? Alikubali kukunwa, alikubali brashi, aliinamisha shingo kabla hajaombwa. Kwa kushoto alikuwa kichaa.

Farasi asiyeguswa huogopa pande zote. Huyu alikuwa ameguswa, tena sana, tena kwa mapenzi, na mtu asiyejua hata pa kusimama.

Hilo lilimuuma mwalimu kuliko kuanguka. Mwenye farasi hakuwa mteja tu, alikuwa shoga yake tangu walipovaa sare za shule. Wameazimana viatu, wameliliana misiba. Alimpigia simu.

"Shoga, nani alikuwa akimshika huyu farasi?"

"Hajashikwa na mtu, nakuapia."

"Simtafuti mtu wa kumlaumu. Nikijua alivyomzoesha, nitajua pa kuanzia."

"Sema umeshindwa, yaishe. Nikija nikamkuta hajakubali hatamu, namwachia mchinjaji. Siwezi kulisha farasi wa kutazama."

Simu ikakatwa. Machozi yalimjia mwalimu, ya hasira kuliko huzuni. Angedanganywa na mtu baki asingejali. Shoga yake alikuwa akimdanganya huku akijua kwamba uongo huo ungemtoa Binti roho.

Jioni alimsimulia mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa utani, na utani wake wa farasi ulikuwa mmoja miaka yote: mimi chenye miguu minne nakijua kitanda tu. Siku hiyo hakuutoa. Alikoroga chai mpaka ikapoa.

"Mrudishe," alisema. "Ya nini kujitia kwenye mambo ya watu?"

"Atachinjwa."

"Ni farasi tu, mke wangu."

Maneno hayo nayo yalimchoma. Alitoa vyombo mezani, akahisi kwamba katika vita hivi hana mtu.

Akaanza upya, kwa upande usio wake. Alimvisha Binti hatamu ya kamba, ile isiyo na chuma cha mdomoni, akiwa kulia kwake, vidole vikibabaika kama vya mwanafunzi. Kisha kila asubuhi akasogea kidogo: kutoka begani hadi kifuani, kutoka kifuani hadi chini ya kidevu. Binti akikaza shingo, naye husimama. Binti akilegea, naye hulegeza kamba. Asubuhi moja alijikuta yuko kushoto kabisa, na farasi anatafuna majani kana kwamba hakuna jipya. Alimkumbatia shingo, akalia tena, safari hii kwa furaha.

Shoga alikuja kama alivyoahidi. Walisalimiana kwa ncha za vidole. Mwalimu alimzungusha Binti uwanjani, kamba imelegea, na shoga akatazama huku amenuna.

"Wewe kakuzoea," alisema. "Nataka nione akimkubali mtu asiyemjua kabisa. La sivyo, maneno yangu ni yale yale."

Honi ikalia getini. Ni mumewe mwalimu, amekuja kumchukua.

"Huyo hapo," mwalimu alisema. "Hajawahi kumwona Binti hata kwa mbali."

"Muache shemeji wa watu. Sijamtia machoni tangu harusi yenu, leo nimkute kwenye samadi?"

Lakini mwalimu alikwishafika getini. Mumewe alipoona nani yuko uwanjani, alishika tena mlango wa gari.

"Simama katikati tu," mwalimu alimwomba. "Usifanye kitu."

"Nitaumwa."

"Haumi. Nifanyie mimi hili moja."

Akaingia, kichwa chini, jasho likimtoka. Mwalimu alijua anavyoogopa farasi, na kwa kuwa alikubali hata hivyo, moyo ulimlainika. Alimsamehe yale ya mezani. Kisha akaiachia kamba.

Binti aliinua kichwa. Masikio yalisimama. Akatoa sauti ya chini kooni, sauti ambayo mwalimu hakuwahi kuisikia kwake katika asubuhi zote zile, akakata uwanja mbio hadi kwa yule mwanamume, akajigeuza, akampa ubavu wa kulia. Na mkono wa mwanamume ukapanda wenyewe, ukaenda moja kwa moja nyuma ya sikio.

Mwalimu aligeuka kumtazama shoga yake. Shoga alikuwa ameinama, anahangaika kufunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa na buti za mpira zisizo na kamba.