Mwito wa Kilimani

Jua lilipogusa mawe ya kilima, Ayikoru alitandika mkeka uani akalala chali, mikono imelegea, macho yamefumbwa. Kuku wakapita juu ya miguu yake. Hakuwafukuza.

"Mama Enoch, wewe iko hai?" Pasca, jirani yake, aliuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Nyamaza wewe. Nasubiri."

Tangu warudi kutoka ukimbizini Kongo, moyo wa Ayikoru ulikuwa ukimdunda kama mtu anayetwanga kwa hasira. Usingizi hauji, chakula hakishuki. Mtawa wa zahanati alimpima, akasema dawa hakuna. "Lala chini, mama. Legeza mwili wote. Tafuta sauti moja unayoipenda, uiache ipite ndani yako kama maji."

Sauti aliyoipenda ilikuwa moja tu.

Ikaja. Ilipanda juu, ikavunjika katikati kama kilio cha mwana-mbuzi, ikaishia chini chini. Cere ya Enoch, mtoto wake wa kwanza. Kwa Walugbara kila mwanamume ana cere yake, mwito anaoutunga mwenyewe akiwa kijana, na hakuna mwingine anayeugusa. Ukiiba mbuzi wa mtu utalipa mbuzi. Ukiiba mwito wake umevaa ngozi yake, na hilo halina malipo.

Shingo ya Ayikoru ikalegea. Mabega yakalegea. Moyo ukapunguza mwendo. Mtoto yuko hai. Jana amelala, leo ameamka.

Enoch alikuwa askari wa serikali iliyoanguka, na wale wa serikali mpya walikuwa barabarani wakitafuta watu kama yeye. Okuonzi, mdogo wake, ndiye aliyekwenda kumtafuta, akarudi na habari kwamba amejificha mapangoni kule juu. Tangu siku hiyo Okuonzi alimpandishia chakula kila jioni, na kila jioni mwito ukashuka. Askari waliusikia pia, lakini walikuwa watu wa mbali. Kwao zilikuwa kelele za wachungaji. Ayikoru mwenyewe hakupanda. Miguu ilikuwa imevimba, na njia yenye nyayo nyingi husema.

Okuonzi alirudi na bakuli tupu, akanywa maji kama ng'ombe.

"Amesemaje?"

"Anakusalimu, Mama. Ugali ulikuwa mtamu."

Pasca akacheka. "Ajabu ya nyumba hii! Mmoja iko nakula mulimani, mwingine tumbo iko nakua hapa chini. Na wewe Okuonzi, cere yako iko wapi? Hata kwa pombe mimi hapana sikia."

"Niliiacha Kongo, mama."

"Basi mukubwa aite kwa ninyi wote wawili."

Okuonzi aliinama kufunga mbuzi.

Mvua zikaja, na baridi yake. Asubuhi moja Okuonzi aliamka koo limevimba. Alifungua mdomo kuomba maji, ikatoka pumzi tu. Ayikoru akamchemshia mchaichai, akamfunga kitambaa shingoni.

"Leo usiende. Kaka yako atavumilia, ni askari."

Okuonzi alitikisa kichwa, akalishika bakuli kwa mikono miwili, akaenda.

Ayikoru akatandika mkeka. Akalegeza miguu, akalegeza mikono, kama alivyofundishwa. Jua likagusa mawe. Likazama nyuma yake. Kwa Pasca walikuwa wakitwanga mtama, wakaacha. Ayikoru alitega sikio mpaka akasikia mchwa wakitafuna nguzo ya ghala. Kilima kilikuwa kimya.

Moyo ukaanza tena kutwanga.

Alikuwa bado amelala chali Okuonzi alipoingia uani. Alipiga magoti kando ya mkeka, akanong'ona kwa sauti ya majani makavu, "Anakusalimu, Mama. Leo askari walikuwa karibu. Hakuweza kuita."

Ayikoru aliinuka akalipokea bakuli. Lilikuwa tupu, limefutwa kwa kidole mpaka chini, kama siku zote. Akalitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa mwanawe kooni, pale palipovimba.

"Kuanzia kesho, mwanangu," akasema, "chakula cha Enoch ukile hapa hapa nyumbani."