Nusu ya Doti

Mtoto alinyamaza kabla mlango haujafunguliwa.

Kwa nusu saa nzima Kheir alikuwa akilia juu ya godoro la mazoezi, mgongo kaupinda nyuma, ngumi kazikaza. Mara nje ikasikika sauti ya mwanamke: "Hodi! Mafuta ya nazi hayo!" Kheir akakata kilio. Shingo ikageuka polepole mpaka akautazama mlango.

"Subhanallah," alisema Bi Ulfat, mtaalamu wa mazoezi ya watoto njiti. "Miezi minne namwita, hageuki. Nani huyo?"

Nadra, aliyemleta Kheir, aliijua sauti ile, akamsogelea mtoto.

Aliingia Salhiya wa Paje, dumu mkononi. Miezi minane nyuma yeye na Nadra walilazwa kitanda kwa kitanda, wote wawili wamejifungua kabla ya wakati. Walishibana hata wakakata doti moja ya kanga, kila mmoja akamfunika wake kwa nusu. Vibandiko vya majina vilikuwa vikiwachopoka watoto miguuni kwa udogo wao, wauguzi wakawa wanawajua kwa kanga. Salhiya akatia uzi mwekundu pindoni mwa nusu yake. Mwenyewe mshono wa tumbo ulimlaza. Mwanawe alimpakata mara moja tu. Siku ya sita, alfajiri, wakaja kumwambia ameshatangulia.

"Nadra! Kumbe ndiye huyu? Mashaallah!" Salhiya alitua dumu. "Na kanga yetu bado anayo!"

"Hataki nguo nyengine," Nadra alijibu kwa mkato. "Zote zinamwasha."

Kweli zilimwasha. Taulo lilimliza, ubani wa bibi yake ulimliza, mikono ya baba yake ilimliza. Ya Nadra, wallahi, ilimliza kuliko yote, na hilo ndilo lililomkondesha. Mimba tatu zilimtoka kabla ya hii. Kumkosa Kheir asingeweza, hata kama mtoto asingekaa wala kutambaa maisha yake.

"Hebu mpakate," Bi Ulfat alimwambia Salhiya.

"Hapana!" Nadra alikurupuka, mkono kaunyoosha kumzuia. "Kafiwa huyu! Atamtia jicho!"

Salhiya hakukasirika. "Sikulaumu, dada. Hata wifi yangu hunifichia wanawe."

"Mambo gani hayo, Nadra?" Bi Ulfat alifoka. "Unataka mtoto akae, au hutaki?"

Alitaka. Yarabi, alitaka sana. Akaurudisha mkono wake chini.

Salhiya alikaa kitako mkekani, akampokea Kheir pamoja na kanga yake. Akaanza kumwimbia taratibu, wimbo ule ule aliokuwa akiuimba pwani akifunga mwani, na mimba yake ikikua.

Mgongo wa Kheir ukalegea. Ngumi zikafunguka. Mikono miwili, ambayo haikuwahi kukutana, ikakutana kifuani, vidole vikashikana. Bi Ulfat akamkalisha, akamwachia, akahesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili. Kheir hakuanguka.

"Amekaa!" Bi Ulfat machozi yalimtoka. "Salhiya, utanijia kila siku, unasikia? Kila siku!"

"Ntakuja," alisema Salhiya, lakini hakuwa akimtazama. Alikuwa akimnusa mtoto utosini, mara moja, mara ya pili, huku mkono mmoja ukiipapasa kanga.

Nadra alitaka kusema basi, yatosha, nipe mwanangu. Alikitazama tu kile kidole kikitambaa pindoni, kikikaribia vitundu vya sindano, pale yeye Nadra alipoufumua uzi mwekundu alfajiri ile, akaenda kuushona kwenye kanga ya mwanawe mwenyewe aliyekwisha kupoa.