Mtumishi wa Kalumu

Mzee alikitema kidonge kwenye kiganja cha Shamte, akarudia yaleyale ya wiki nzima: humu ndani mna mtu anataka kuniua kwa sumu.

"Nani huyo, Mzee?" Shamte aliuliza kwa Kiingereza chake cha Tanga.

"Namjua. Nangoja tu aingie."

Shamte alifuta mkono. Kazi yake ilikuwa kumhudumia mzee huyu nyumbani kwa binti yake katika mji wa Pearland, Texas, na kazi hiyo ilikuwa inakaribia kumshinda. Binti mwenyewe, Ailsa, daktari wa upasuaji mjini Houston, alikuwa amesema neno lake kabla ya kuwasha gari: dawa ya moyo isipomezwa leo, kesho baba anahamia nyumba ya wazee. Shamte aliwahi kufanya kazi kwenye nyumba ya namna hiyo. Mzee mkaidi kama huyu, asiyemjua mtu, hangedumu huko.

Na huyu hakuwa mzee wa kutupwa hivihivi. Alikuwa Callum Dunbrae, Mskoti aliyetikisa dunia kwa filamu zake: jasusi, nahodha, mfalme mlevi, kasisi mpiganaji. Sebule ilijaa makabati ya kioo yenye kofia zake, mapanga ya mbao na bastola za plastiki. Huko kwao Shamte, Chumbageni, Tanga, walimwita Kalumu. Siku akionyeshwa, kibanda umiza, lile banda la kuonyeshea video, kilifurika hadi mlangoni, na kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kimewapiga chenga wote, walimtegemea Wilbroad, mtafsiri, aliyekaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake akiwaeleza kila neno.

Sasa Kalumu alikuwa amesahau hata jina la binti yake. Filamu zake tu ndizo zilizobaki kichwani. Shamte alimhurumia, na zaidi ya kumhurumia alimpenda, kama mtu anavyompenda mjomba aliyemlea kwa mbali.

Simu iliita. Ni Truphosa, Mkenya wa zamu ya asubuhi.

"Wee Shamte, nimesahau kukuambia. Ile kabati ya chuma ya bwanake Ailsa, nimeikuta wazi. Hii ni Texas, unajua wanaweka nini huko."

"Si mwenyewe amesafiri Dallas? Atakuwa ameondoka na bastola yake."

"Na kama hajaenda nayo? Mzee alikuwa ametembea-tembea peke yake nikiwa kwa laundry. Nime-text Ailsa, haja-reply, ako surgery."

"Dada yangu, mzee hawezi kufungua hata chupa ya maji."

"Mimi nimesema. Itafute."

Shamte aliahidi kutafuta, lakini dawa kwanza. Jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya nyumba za jirani, na midomo ya mzee ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Ndipo akaikumbuka filamu ya jumba la jangwani.

Mle ndani Kalumu amelala mgonjwa, maadui wamezingira jumba, na mtumishi wake Barka anaingia na kikombe. Barka ndiye mtu mweusi pekee katika filamu nzima, na Chumbageni walimpenda kuliko stelingi mwenyewe, Kalumu. "Mwenzetu huyo!" Wilbroad alikuwa akinguruma. "Ndugu yetu kaleta dawa, Kalumu anapona leo!" Watu walipiga makofi mpaka mabati yakatikisika.

Kama mzee alibaki na filamu tu, basi dawa ipitie huko huko. Shamte alikisaga kidonge, akakikoroga kwenye chai, akaimimina ndani ya kikombe cha shaba alichokitoa sebuleni. Alijifunga taulo kichwani. Kisha akaingia chumbani taratibu, ameinamisha kichwa kama Barka.

Mzee aligeuka. Macho yalikuwa makavu, na yalimwona.

"Barka," alisema. "Hatimaye umekuja."

Shamte nusura alie. Ulikuwa umepita muda mrefu mzee huyu hajamwita mtu yeyote kwa jina.

"Nimekuja, bwana wangu. Kunywa."

"Kunywa wewe kwanza."

Kwa tafsiri ya Wilbroad, hapa Kalumu alikuwa akimkaribisha ndugu yake wanywe pamoja. Shamte alitikisa kichwa kwa adabu, maana Barka naye alikataa, akakisogeza kikombe.

"Umekula mezani pangu miaka yote hii," mzee alisema kwa ile lafudhi nzito ya kwao, ambayo Shamte aliishika nusunusu. Alishika neno meza, akafurahi.

Mkono wa mzee ulitoka chini ya blanketi na bastola nyeusi. Mkono huo ambao asubuhi ulishindwa kushika kijiko sasa haukutetemeka hata kidogo. Bastola ilionekana ya kweli kabisa. Hawa watu wa filamu, Shamte aliwaza, hawana mchezo.

Sehemu hii aliikumbuka vizuri kuliko zote. Bastola ililia, mwenzetu akaanguka, na kibanda kizima kikanyamaza. Wilbroad alikohoa kwenye kipaza sauti, akacheka kidogo, akawatuliza: msihofu jamani, kajiangusha makusudi kuwahadaa maadui, sasa hivi Kalumu anamaliza kikombe chake na wanaondoka pamoja. Kisha akazima televisheni, akasema mkanda umeishia hapo.

Shamte aliweka kikombe mahali ambapo mzee angekifikia, akasogeza kiti kando ili apate nafasi nzuri ya kuangukia.